Dakika Kumi na Moja za Fundi Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, kama mmefungua redio mkitarajia vichekesho vyangu vya kila Jumatano alasiri, leo mnisamehe. Leo sina. Nina mtu wa kumkumbuka. Mtu huyu nilimjua, nilimtania, nilikula mezani kwake, na mtoto wake nilimkosea mbele ya watu mia sita. Hilo nalo nitalisema nikifika pale. Nisipolisema leo, najijua, sitalisema tena.

Tunamkumbuka Fundi Taratibu. Alifariki Alhamisi iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Hamsini na nane tu, wasikilizaji.

Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti. Yale majengo marefu mnayopanda bila kufikiri, yeye ndiye aliyekuwa huko juu kwenye chumba cha mitambo, mikono imejaa grisi. Jumapili alasiri alikuwa dijei. Wapo watakaosema, dijei wa miaka hamsini na nane? Ndiyo. Na wapo wale wa kusema muziki wa mashine hauna roho, ni kugongagonga tu. Hao nawaomba wakachemshe chai, sisi tuendelee.

Jina la Taratibu alipewa na wacheza muziki, tena kwa hasira. Saa yake ya kwanza ilikuwa mateso kwa asiye na subira. Alianza na hausi ya polepole, mapigo mia na kumi kwa dakika, muziki wa kutikisa kichwa huku umeshika soda yako. Vijana walimpigia kelele, mzee tupeleke, mzee tunalala. Hakuinua macho. Baada ya nusu saa, mia na kumi na tano. Amapiano ikachungulia kidogo, ikarudi ilikotoka. Kisha akaitoa besi kabisa, dakika nzima, na alipoirudisha ukumbi wote ulishangilia kama mtaa uliorudishiwa maji baada ya wiki ya mgao. Kufikia saa ya pili ulikuwa ndani ya tekno ya mapigo mia ishirini na nane, shati limekuloa mgongoni, na huwezi kueleza ulipandaje mpaka ukafika huko.

Siku moja nilimkalisha hapa studio nikamuuliza siri yake. Akanijibu kifundi. Akasema ukimtoa mtu chini ukampeleka ghorofa ya tisa kwa mara moja, atafika, sawa, lakini atafika masikio yameziba na anatafuta pa kukaa. Mtu asimame ghorofa ya tatu, ajione amefika. Asimame ya tano, ajione amefika tena. Na kabla ya kupiga alikuwa na tabia ya kushuka jukwaani, akasimama karibu na mlango wa ukumbi, akaangalia viatu vya watu. Alisema mikono hewani ni ya kujionyesha, lakini kisigino kikianza kunyanyuka chenyewe, hapo mtu yuko tayari kupandishwa.

Sasa naomba mnisikilize kidogo kwa makini, maana bila hili hamtaelewa yaliyofuata. Nyimbo hizi zina sehemu ambapo sauti zote zinaondoka, zinabaki ngoma tupu. Hapo ndipo dijei anapoingiza wimbo mwingine. Ule unaotoka na ule unaoingia zinatembea pamoja, mguu kwa mguu, halafu ule wa kwanza unashushwa sauti kidogo kidogo mpaka hausikiki tena. Fundi aliita sehemu hiyo mlango. Kanuni yake ilikuwa moja. Anayeingia hafungiwi mlango.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye, mkewe ambaye ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na binti yao wa pekee, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Fundi alimfundisha binti akiwa na miaka kumi na mmoja, amesimama juu ya kreti la soda ili aifikie mikisa, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo. Sahani za santuri walizipaka alama kwa rangi ya kucha ya mama, buluu kwa za polepole, nyekundu kwa za kasi. Mama aliniambia rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza, na hakuhitaji kuuliza ni nani anayeimaliza.

Cheche alikua, akawa dijei wa kweli, na akapenda kitu ambacho baba yake hakukielewa. Muziki uitwao dramu na besi. Mapigo mia moja sabini na nne kwa dakika. Mia moja sabini na nne, wasikilizaji. Baba anakomea mia ishirini na nane, mtoto anataka kuvuka bonde lote hilo. Walibishana juu ya hilo mezani, sebuleni, kwenye simu. Yalikuwa mabishano ya raha. Hakuna aliyelala amenuna.

Mpaka Jumapili ile, miaka mitatu iliyopita.

Ukumbi wa manispaa, saa kumi alasiri, watu mia sita. Fundi alikuwa amepiga kwa saa mbili, amewafikisha juu kabisa, na kwa mara ya kwanza alikuwa anampokeza binti yake mbele ya umati. Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji, kipaza sauti mkononi. Cheche akaingia vizuri tu. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Akaacha muziki wa baba yake uondoke, akaleta mapigo mazito ya polepole. Polepole mno. Watu wakasimama. Wakaangaliana. Kwa macho yetu sisi, mtoto alikuwa amevunja ngazi yote aliyoijenga mzee.

Fundi alihesabu sekunde chache. Kisha akanyoosha mkono, akaushusha muziki wa mwanawe mpaka chini, akarudisha tekno yake. Ukumbi ukapiga mayowe ya furaha. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwenye kipaza sauti, "Cheche imezimika, jamani." Watu mia sita walicheka.

Binti akavua hedifoni. Akaziweka mezani bila kuzitupa. Akachukua mkoba wake akaondoka kwa mlango wa nyuma. Wiki hiyo hiyo akahamia mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na kwa miaka mitatu hakuongea na baba yake. Salamu zilipitia kwa mama. Baba anakusalimu. Haya, naye msalimie.

Cheche, najua unanisikia. Ule haukuwa utani. Ulikuwa na miaka ishirini na minne, ulikuwa kazini, na mimi mtu mzima nilitafuta kicheko kwa aibu yako. Naomba radhi. Naiomba hapa hewani kwa sababu nilikukosea hadharani.

Na kosa letu lilikuwa kubwa kuliko tulivyojua. Miezi kadhaa baadaye Fundi alisikiliza tena rekodi ya siku ile. Alikuwa mezani na mkewe, akalalamika kwamba hata leo haelewi, kwa nini mtoto awashushe watu mpaka mapigo themanini na saba wakati walikuwa wamechemka. Mwalimu alikuwa anashona kifungo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Themanini na saba mara mbili ni mia moja sabini na nne."

Ndivyo ilivyokuwa. Ule mwendo wa polepole ulikuwa nusu kamili ya ule wa kasi. Cheche alikuwa anawapumzisha watu, na baada ya nusu dakika zile ngoma za kasi zingeingia juu yake bila mtu kujikwaa, na ukumbi ungepaa. Alikuwa amepata njia ya kuvuka bonde. Baba yake alimkata sekunde chache kabla hajavuka.

Mwalimu anasema mumewe aliweka kijiko chini. Chakula kikapoa mbele yake. Halafu akamwambia, "Mama Cheche, nilimfungia mtoto mlango usoni."

Mtaniuliza, kwa nini hakupiga simu usiku ule ule? Nami nilimuuliza, tena kwa ukali. Alijibu kwamba jambo lile halifai kwa simu, kwamba alimkosea kwa mikono na ataomba radhi kwa mikono, na kwamba lazima ajifunze kwanza. Fundi yule alikwenda kujifunza dramu na besi, wasikilizaji. Kila jioni baada ya kazi, zaidi ya miaka miwili. Nikawa namhimiza. Mpigie binti. Ananijibu, taratibu. Mpigie. Taratibu. Mwezi uliopita nilichoka nikamwambia, "Wewe mzee, taratibu yako itakuja kukuua." Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu ninaosemea sasa hivi.

Mwezi huu alimaliza. Alirekodi chumbani kwake mfululizo wa saa moja na zaidi. Ulianza mia na kumi, ukapanda kama alivyopanda siku ile ukumbini, ghorofa kwa ghorofa, mpaka mia ishirini na nane. Na pale juu kabisa akafanya alichofanya binti yake. Akashuka themanini na saba. Akaacha ngoma tupu, za polepole, zinazongoja mtu aje kuzipanda. Jumatatu ya wiki iliyopita alimtumia Cheche rekodi hiyo kwenye simu, na chini yake akaandika, "Nimefika pale nilipokukata. Nimekuachia mlango wazi. Njoo uingie."

Jibu lilikuja jioni. "Jumamosi nakuja, Baba."

Jumanne alinionyesha ujumbe huo. Aliwaonyesha mafundi wenzake. Alimwonyesha mlinzi wa jengo, ambaye hakujua hata anaonyeshwa nini. Jumatano akafuta vumbi mikisa, akanunua sponji mpya za hedifoni za binti. Alhamisi asubuhi akakaa kitandani kufunga viatu.

Jumamosi Cheche alikuja, kama alivyoahidi. Saa sita kwenye basi. Alikuja kumzika baba yake.

Nimekwenda pale nyumbani kila siku wiki hii. Jumapili Mwalimu alinisikilizisha ile rekodi. Najua kwamba dijei wa kawaida humwachia mwenzake ngoma tupu za dakika moja, akiwa mkarimu sana, mbili. Fundi Taratibu aliacha dakika kumi na moja. Nilidhani alisahau kuzima. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaniambia, "Nilimwambia mbili zinatosha. Akasema, huyu mtoto nilimnyima nusu dakika, nami sijui atahitaji muda gani kunisamehe. Namwachia kumi na moja."

Mwalimu ni mama asiyelia ovyo. Alisema hivyo akaingia jikoni, akafungua bomba la maji, akaliacha likimwagika muda mrefu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi hapa, nawapa pole Mwalimu na binti yake. Pole kwa mafundi wenzake wa lifti, ambao Jumatatu walipanda ngazi kwa miguu siku nzima bila kuambiwa na mtu. Pole kwa ninyi wa Jumapili alasiri, mliomzomea saa ya kwanza na kumng'ang'ania saa ya pili. Mungu amlaze mahali pema.

Na ninyi mnaonisikiliza, sitawahubiria, mimi si wa kuhubiri. Ninawaomba tu mfikirie. Kama yupo mtu uliyemkatiza kabla hajamaliza, na leo unajua alikuwa sahihi, usijiandae sana. Fundi alijiandaa miaka miwili, na maandalizi yake yalikuwa mazuri, na alipungukiwa siku mbili. Mpigie ukiwa hujui la kusema. Mpigie sauti ikikukwama. Zima hata redio hii, sitakasirika.

Nimebakiza jambo moja. Cheche yuko hapa studio. Yuko upande wa pili wa kioo, amekaa kwenye mikisa, na mama yake amekaa nyuma yake. Tutawapigia dakika za mwisho za ile rekodi, na meneja amekubali tusiikatize kwa taarifa wala tangazo lolote. Cheche ameleta wimbo wake, mapigo mia moja sabini na nne. Nilipomuuliza kama ataingia, hakunijibu moja kwa moja. Alisema nyumbani amejaribu mara tatu na mara tatu ameshindwa. Nikamwambia pengine ni vidole tu, ni majonzi. Akasema vidole havina shida.

Akaniambia, "Mjomba, kuingia naweza. Lakini nikishaingia, inabidi nimshushe Baba."

Basi, wasikilizaji, nakaribia kuzima kipaza sauti changu, na jinsi itakavyokuwa hatujui, mimi wala yeye. Ila mkisikia ngoma zile za polepole zinakwenda peke yake mpaka mwisho, tafadhali msipige simu kutuambia mitambo imeharibika. Mjue ni mtoto ameshindwa kumshusha baba yake.