Jina la Tano

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa zima simu, maana pumzi iliyobaki si ya kurudia maneno. Jana niliwasikia mkipima kwa hatua chumba cha uani anachokaa mke mwenzangu, mkidhani mgonjwa ni kiziwi. Nikifa mnataka atoke, mpangishe. Basi mjue ni nani mnayemtoa.

Baba yenu alipokufa aliniachia nyinyi wanne, cherehani ya mkono, na mdomo huu ulionifukuzia nusu ya ukoo. Ile benki kubwa ya mjini, ambayo zamani mlinzi wake alizitazama ndala zangu kabla ya uso, ilikuwa imeanza kukopesha watu wadogo bila hati ya nyumba, mradi muwe kikundi cha watano na mdhaminiane, mmoja akishindwa wenzake wamlipie. Mimi na wanawake wenzangu wa mtaa tulikuwa wanne. Dada zangu niliwaendea. Mmoja kichwa kikamuuma ghafla, mwingine hata hodi hakuitikia. Afisa mikopo akafunga faili lake hapa hapa barazani: "Mama, bila jina la tano siwezi."

Ndipo huyu niliyemwita kupe miaka kumi na mmoja mbele ya majirani, akatoka na mikono yake ya kuuza mkaa, akasema, "Andika langu. Ulimi wake mchafu, lakini mshono wake haufumuki."

Nikamwambia sikumwomba. Akajibu, "Ungeomba nisingekupa."

Nikanunua cherehani ya miguu, nikashona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipougua miezi miwili, marejesho ya kila wiki aliyalipa yeye kwa pesa ya mkaa, na hadi leo hajanitajia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kumbe hata mke mwenza yumo. Benki naishukuru, ilifungua mlango. Aliyenisukuma ndani ni yeye.

Chumba kile ni chake mpaka afe, nimekwishaandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, msijichoshe. Mtamwita mama. Cherehani ni ya binti yangu mdogo, na nafasi yangu kikundini ni yake. Asiogope kumdhamini mtu. Mkubwa, ile pikipiki yangu uliyoiuza nimekusamehe, usitabasamu.

Mungu awape kazi... na afya ya kuifanya. Awape watu wa kuwasemea mnapokuwa hamsemeki. Ngojeni... nipumue.

Sasa tokeni. Mwiteni yeye, peke yake. Nataka kumwambia asante, na sitaki mashahidi.