Mi Ndiye Nilifungua Tanuru

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu. Mi ni Elia, mutoto wa kijiji cha Swima. Bengi wenu munanijua kama muvuvi. Zamani, mbele ya kuvua, nilikuwa muchomaji wa vigae kwenye kiwanda cha hapa Baraka.

Kiwanda kile kilianza na muzungu mumoja na shimo la udongo. Baadaye kikapata tanuru mbili, vibanda virefu vya kukaushia, na bantu ba kazi kutoka Kazimia mpaka milimani. Vigae vyetu vilifunika nyumba za bakubwa kule Fizi. Mi na jirani yangu Asumani ndio tulikuwa tunachunga moto. Yeye ni Muislamu. Mi nilikuwa wa kanisa kwa jina tu. Bibi zetu balikuwa banapika pamoja.

Kisha mabati yakaanza kufika kwa mashua. Mabati ni mepesi, fundi anafunika nyumba siku moja. Kazi yetu ikapungua. Muzungu akazima tanuru moja, akabakisha muchomaji mumoja. Akabakisha Asumani.

Ndugu zangu, pale ndipo Shetani alinikamata. Nilijiambia Asumani alinisema vibaya kwa muzungu. Hakuna muntu aliyeniambia hivyo. Nikaacha kumusalimia, nikamukataza bibi yangu kuingia kwake. Pombe ikawa chakula changu.

Kulibaki kazi moja kubwa, vigae vya shule ya Fizi. Moto ukiisha, mulango wa tanuru unazibwa kwa udongo, vigae vinapoa polepole siku nyingi. Ukifungua mapema, hewa ya baridi inapasua kila kitu. Nilijua Ijumaa saa sita Asumani anaenda kusali. Nikaingia, nikabomoa ule udongo kwa jembe, nikasikia vigae vinapasuka ndani. Nikaziba tena, nikarudi kwangu.

Balipofungua, hakuna kigae kilichopona. Asumani alipigwa fimbo mbele ya bantu, akafukuzwa. Shule ikafunikwa kwa mabati. Haikupita miezi mingi kiwanda kikafungwa. Nilitaka kuangusha muntu mumoja. Nikanyima chakula nyumba nyingi.

Sikupata furaha. Kila nikianza kuomba, nasikia vile vigae vinapasuka. Nikaacha kuomba.

Siku moja mwalimu wetu wa kanisa alifundisha hapa juu ya kupatana. Nilitoka kabla hajamaliza, nikapanda mutumbwi mpaka Kazimia. Asumani alikuwa anakausha samaki huko. Nikapiga magoti kwenye muchanga, nikamwambia yote.

Aliendelea kugeuza samaki. Kisha akasema, "Elia, mi nilikuona siku ile. Nilikuwa natoka musikitini."

Nikamuuliza sababu gani hakusema, hata chini ya fimbo.

"Bibi yako alikuwa na mimba. Nikaona, wakikupeleka gereza ya Fizi, mutoto atazaliwa na njaa."

Akaniuliza ni mutoto gani alizaliwa. Nikamujibu ni wa kike. Akasema vizuri, akanipa samaki nimupelekee. Nililia njia yote ya kurudi, na pombe sikuigusa tena.

Kiwanda hakikurudi. Lakini mi nasimama mbele yenu nikiwa huru, na namushukuru Mungu aliyenifungua kwa mukono wa muntu niliyemuumiza.

Kama iko hapa muntu uliyemufanyia mwenzako neno baya kwa siri, mutegemee Yesu, usiogope. Usingoje wimbo wa mwisho. Simama sasa, uende kwake. Sisi tutabaki tunakuombea mpaka urudi.