Buluu Iliyolala Ukutani Ikaamka Kahawia

Asubuhi ile benchi la nje ya duka la kinyozi lilikuwa na watu watatu: Kinyozi mwenyewe, Fundi Saa, anayeitwa Kamusi kwa kuwa hakuna asilolijua, na Brashi, mpaka rangi, aliyekuja na kopo la rangi yake. Juzi alipaka chokaa sebule ya mama wa mchumba wake. Jana akaipaka buluu, bure kabisa, maana mama alisema ataona kwanza kazi ya mikono yake ndipo ajibu posa. Buluu ikang'aa, bwana. Kulipokucha, ukuta mzima ulikuwa kahawia.

— Hii hapa, alisema Kamusi, kopo la rangi likiwa puani. Chuma na sianidi.

— Sianidi? Kinyozi aliweka kikombe chini. Brashi, umempakia mama wa watu sumu sebuleni?

— Tulia wewe. Humu chuma kimeikumbatia sianidi, hakiiachii ovyo.

— Nikipaka asidi ya betri, haitarudi buluu? aliuliza Brashi.

— Jaribu, tuje kukuzika. Asidi kali ndiyo inayoifungua hiyo sumu.

— Basi ni jirani, alisema Kinyozi. Wivu tu. Kaja usiku na kopo lake la kahawia.

— Chumba kizima, gizani, bila tone sakafuni? Huyo mlete tumpe kazi.

— Kama si jirani, ukuta umepata kutu. Si umesema kuna chuma?

Kamusi alicheka hadi miwani ikamteleza. Maskini, hakujua kwamba Kinyozi, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ameugusa ukweli.

Mara mama mwenyewe akatokea, mkoba kwapani. Benchi zima likasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Brashi, nakuuliza kitu kimoja tu. Ile chokaa ilikuwa imekauka?

Kamusi alianza kukagua kikombe chake. Kinyozi alikumbuka ana wembe wa kunoa. Chokaa mbichi huila buluu ile na kuacha kutu ya kahawia. Mpaka rangi hufundishwa hivyo siku ya kwanza, na Brashi alifundishwa. Angeweza kumsingizia muuza rangi. Ulimi ulishaanza kumwasha.

— Haikukauka, mama. Niliogopa ukingoja sana utaghairi.

Mama akatoa kikwanguo mkobani.

— Kaukwangue ukuta, uuache ukauke wiki tatu. Ndipo uje na wazee wako, mkwe.