Bi Mkubwa Alivyokuwa Akitusikiliza

Benchi letu lipo ubavuni mwa duka la fundi simu, na limebonyea katikati, kwa hiyo mkikaa sana mnajikuta mmebanana wote sehemu moja. Muuza kahawa tunamwita Shemeji, ingawa hakuna aliyemwoza dada. Mwenzetu Waya hutandaza nyaya za mtandao, hata ofisini kwetu. Mimi na Nukta tunaandika programu ofisi moja; jina hilo alilipata siku aliyoshinda akitafuta nukta moja iliyosahaulika. Jana alikuja macho mekundu, kahawa hakuigusa.

— Nisipoutengeneza mfumo leo, kesho bosi anampa kazi yangu mpwa wake.

— Yule anayechapa kadi za harusi? Waya akashangaa.

— Huyo huyo. Eti kompyuta ni kompyuta.

Kampuni yetu inasambaza mizigo. Mfumo ndio unaompangia kila dereva mzigo wake. Sasa umeanza kumpa mzigo mmoja madereva wawili, wanakutana mlangoni kwa mteja wakitukanana. Nukta anatafuta kosa, kashika tama mbele ya skrini, na bosi akipita anamuuliza kama amelala. Tena kaweka kitu cha kuhesabu tunavyobonyeza kibodi. Anayebonyeza sana ndiye mchapakazi. Jamani!

— Mimi naandika majina ya wajomba zangu wote, nikimaliza narudia, nikasema. Juzi nimesifiwa kikaoni.

— Wajomba wa nini? Weka jiwe juu ya kibodi, ukalale, akasema Waya.

— Jiwe litabonyeza herufi moja tu, Shemeji akadakia. Chukua kuku, mwagia mahindi juu ya kibodi. Atadonoa mpaka jioni.

— Kuku atapandishwa cheo kabla yangu, Nukta akasema, lakini hakucheka. Ningekuwa na Bi Mkubwa, hili lingekuwa limeisha zamani.

Bi Mkubwa alikuwa meneja wetu kabla ya bosi huyu.

— Hivi alikuwa anajua programu? Shemeji akauliza.

— Wapi! Hata kuwasha printa alikuwa anaita mtu, nikamjibu. Lakini ukikwama alikuwa anavuta kiti, anavua viatu, anakwambia, "Haya mwanangu, nieleze taratibu, mimi sijui kitu." Unaeleza. Yeye ni "ehee", "ehee" tu. Ukifika katikati unaruka mwenyewe, "Nimeliona!"

— Basi anavaa viatu vyake anaondoka, Nukta akamalizia. Wala hasemi yeye ndiye kasaidia.

Huyu wa sasa akikuta wawili wanaongea anasema, "Mkitaka porojo, nendeni kijiweni."

— Si ndiyo upo kijiweni? Waya akasema. Nieleze mimi. Nitaitikia ehee.

Nukta akajiweka sawa.

— Mzigo ukiingia, mfumo unatafuta dereva asiye na kazi...

— Ehee. Fukuza dereva mmoja! Waya akadakia.

— Ngoja nimalize. Ukimpata, unaandika jina lake, halafu...

— Mzigo ukatwe nusu kwa nusu, Shemeji akatoa hukumu.

— Kwani umejaribu kuzima na kuwasha? nikauliza mimi, eti mtaalamu.

— Basi, acheni! Hamsikilizi nyie.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa dada mmoja, mkoba mapajani, akisubiri simu yake kwa fundi. Muda wote alikuwa akitusikiliza.

— Samahanini kaka zangu. Huyo mama aliondoka kwa nini?

— Nasikia alihamishwa, nikasema.

— Mimi nilisikia anaumwa, akasema Nukta.

— Si alikuwa anauguza mume? Waya akauliza.

— Hamkumuuliza? yule dada akasema.

Mimi na Nukta tukatazamana. Asubuhi moja tulikuta meza yake tupu, imefutwa vizuri, tukaendelea na kazi.

— Siku zote hizo anasikiliza shida zenu, akasema yule dada, bila ukali. Za kwake alikuwa anamweleza nani?

Fundi akaita kutoka ndani, dada akanyanyuka, akatuaga vizuri tu, akaenda kuchukua simu yake.

Nukta hakutaja tena mzigo wala mpwa wa bosi.

— Nani ana namba ya Bi Mkubwa? akauliza baadaye. Nataka kumjulia hali tu.

Tulitoa simu, mimi na Waya, na yeye ya kwake, tukatafuta kwa jina lake, tukatafuta kwa cheo chake. Hakuna aliyekuwa nayo.