Mzee Jioni, Mtu wa Kubisha Hodi Kabla Jua Halijazama

Waombolezaji wenzetu, mliokaa na mliosimama, na ninyi mliowahi viti vya familia mkastukia mmekaa mbele na sasa mnaona aibu kuhama, kaeni tu, marehemu asingewafukuza, au angewafukuza asubuhi na kuwafuata majumbani jioni kuwaomba radhi, na hiyo ndiyo historia yake kwa ufupi, lakini familia imeagiza isomwe yote, basi tuvumiliane.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei mwaka 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya mbao ya baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, akitanguliwa na kaka yake, ambaye wote mnamwita Seremala, na ambaye yupo hapa leo, ameketi pale karibu na ukuta. Mkunga alipomshika alisema mtoto huyu halii, anagomba, na hakuna aliyemfahamu mzee wetu atakayebisha. Alikuwa na hasira ya karibu, hasira ya moto wa karatasi, ukigeuka kuchukua maji imeshazimika, ila pazia nalo limeshaungua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, na walimu waliomfundisha wangekuwa hai wangesimama hapa kutoa ushuhuda ambao tusingeumaliza leo. Mwaka uliofuata aliingia darasa la kipaimara pamoja na kaka yake, chini ya mwalimu mmoja mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alikuwa na desturi yake, kila mtoto alimchagulia aya moja ya kuishika maisha yake yote, na hakuchagua kwa uzuri wa aya, alichagua kwa ubaya wa mtoto. Wengine walipewa habari za malaika na za majani mabichi, wakaenda nyumbani wanajivuna. Seremala, ambaye utotoni alikuwa na maneno mawili kwa kila jambo, moja la mama na jingine la baba, alipewa lile neno la Bwana kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Marehemu, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amemmwagia mwenzake wino kwa sababu ya kugombea nafasi ya dirishani, alipewa lile neno la Mtume kwamba jua lisizame mtu akiwa bado na hasira. Ndugu zangu, wengi wetu aya zetu za kipaimara tulizirudisha pamoja na suruali ya kuazima. Hawa wawili walizitii.

Mwaka 1974 ndugu hawa walifungua karakana yao pale kwenye kona, ambayo mpaka leo ina kibao cha Mbao na Vioo, kaka akitengeneza fremu na mdogo akikata vioo, na aliyewahi kuingia mle anakumbuka vioo vilivyoegemezwa ukutani kwa ukubwa, vidogo mbele na vikubwa nyuma, na jinsi vyote vilivyowaka vyekundu kwa pamoja jua lilipokaribia kuzama. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya marehemu. Vioo vikiwaka tu, aliweka chini kisu cha kukatia, akafuta mikono, akakaa kidogo kuwaza leo amemtukana nani, akatoka. Alikwenda kwa mteja aliyemwita kipofu, alikwenda kwa dereva aliyemwambia gari lake linanuka kuliko yeye mwenyewe, alibisha hodi, akasema, "Asubuhi nilikukosea, nisamehe, jua linazama," na kabla hujamkaribisha ndani ameshakwenda mlango wa pili. Ndipo watu wakamwita Mzee Jioni, akiwa bado kijana hana hata mvi. Wapo waliomchokoza makusudi ili wapate mgeni, na tunawaona humu.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo. Mwaka 1977 alikwenda kutia kioo dirisha la fundi cherehani, akapaka gundi ya kioo kwenye pazia jipya, akaambiwa, akajibu vibaya, na jioni akarudi kuomba radhi, mwenye pazia akamfungulia akiwa ameshika mkasi, akidhani ni mwizi. Jioni iliyofuata alirudi tena. Akaulizwa, "Leo umenikosea nini?" Akasema, "Bado, lakini nikae kidogo, nitapata." Wakafunga ndoa takatifu tarehe 18 Februari mwaka 1978, Seremala akiwa mpambe, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana anayeendesha gari la mizigo, pamoja na wajukuu ambao mnasikia kelele zao huko nje.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilibishana kama pasomwe au parukwe, na mjane akasema pasomwe.

Mnakiona kioo kile kikubwa juu ya madhabahu, chenye ufa kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, uliobandikwa utepe. Mwaka 2011 kanisa hili liliwaomba ndugu hawa wawili dirisha lile, wakalitengeneza kwa sifa zote, na siku ya kuliweka wakfu, mchungaji akiwa katikati ya maombi, tukasikia mlio kama wa fimbo kavu, na kioo kikapasuka mbele ya kanisa zima. Mafundi wenzao wanasema mbao ya fremu ilikuwa haijakauka sawasawa, ikajikunja, na kioo kilikatwa kikaja kubana bila kuachiwa hata nafasi ya kucha, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na nusu yake ya kosa, lakini marehemu aliwahi kuinuka, akasema kwa sauti, "Mbao mbichi, kama kichwa cha aliyeiranda." Watu walicheka, na hapo ndipo palipoharibika. Seremala hakucheka. Alisimama, akavaa kofia yake humuhumu kanisani, akasema, "Mlango wangu hutauingia tena. Nimesema hapana," akatoka.

Jioni hiyohiyo marehemu alikwenda. Kaka yake anakaa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari, akapanda ngazi, akabisha, akasema, "Kaka, ni mimi. Nimekosa." Sauti ikatoka ndani bila mlango kufunguka, ikauliza, "Umekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya aya yako?" Na Mzee Jioni, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata kwa polisi, alisimama pale mpaka ngazi zikaingia giza, akarudi nyumbani, hakula.

Kesho yake Seremala akahamisha vifaa vyake karakanani, akawa anarandia hukohuko kwake, na jioni marehemu alikwenda tena, na kesho kutwa, na miaka ikapita akiwa anakwenda. Ikawa kama saa ya ukutani, vioo vinawaka, anafuta mikono, anapanda ngazi, anasema, "Kaka, ni mimi," na mle ndani panajibiwa, "Nimesikia," basi, anashuka. Mchungaji alikwenda kumsihi Seremala, akaelezwa kwa upole kwamba mtu aliyefundishwa kwamba siyo yake iwe siyo hawezi kuigeuza kwa sababu imekuwa nzito, na mchungaji, ambaye yuko hapa na atatusamehe, alirudi akasema amewahi kushindana na walevi na waganga, lakini hajawahi kukutana na watu wawili waliofungiwa nje na Maandiko yaleyale. Kioo nacho kikabaki na ufa wake, maana marehemu hakukubali kukibadilisha mpaka mwenye fremu aje aikague, na mwenye fremu hakukubali mkono mwingine uiguse.

Siku moja mke wake alichoka, akamwambia, "Baba, umeshaomba radhi vya kutosha, hata Mtume angekwambia upumzike." Marehemu akajibu akiwa anafunga viatu, "Hasira iliniisha jioni ileile ya kwanza, mama. Aya ilishamalizana na mimi. Mimi naenda tu kwa kaka yangu." Akaulizwa kwa nini basi asimwambie hivyo. Akasema, "Ataona najitetea."

Mwezi Machi mwaka 2022 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa karakanani, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Madaktari walifanya waliloweza, akarudi nyumbani, akawekwa kwenye kiti karibu na dirisha. Ilipofika jioni, kioo cha dirisha kikawaka, na yeye akaanza kuhangaika, akiinuka na kuanguka, akitoa sauti isiyo neno. Familia nzima ilikimbia huku na huku, tukamletea maji akayakataa, tukamwashia redio akaipiga kofi, mtoto wake dereva akambeba hadi msalani na kumrudisha hana haja, na mzee akatutazama kwa macho yale ambayo zamani yangefuatwa na tusi, lakini tusi halikutoka, likawa chozi. Mjane, aliyekuwa anashona kimya na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akasema, "Anataka kwenda kwa kaka yake, nyie."

Tukaazima kiti cha magurudumu cha kanisa, tukampeleka. Kiti hakipandi ngazi, na yeye hakukubali kubebwa, alishika nguzo ya chini kwa mkono mmoja aliobaki nao, tukashindwa kuubandua. Basi aligonga chuma cha ngazi kwa pete yake ya ndoa, na kule juu mtu akakohoa. Kuanzia hapo ikawa hivyo kila jioni, mmoja anagonga chini, mmoja anakohoa juu, na sisi tumesimama katikati na kiti cha kuazima, hatuna la kufanya. Binti yake muuguzi, ambaye amezoea kuamrisha wagonjwa, alipaza sauti siku moja, "Baba mkubwa, shuka basi, mtu mwenyewe hawezi hata kusema." Dirisha likafunguka kidogo, na Seremala akasema, "Nilisema hapana mbele ya madhabahu, mwanangu. Unataka niwe mtu gani?" Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hasira. Ilikuwa ya mtu aliyekwama kisimani anayewaeleza watu wa juu kwamba kamba ndiyo hiyo haifiki.

Tarehe 14 Oktoba mwaka 2023, alasiri, marehemu aliaga dunia nyumbani kwake, mke wake akiwa amemshika mkono ule uliokuwa hausikii. Majirani waliingia, vyombo vikatolewa nje, simu zikapigwa kila mahali, na kila mmoja wetu alidhani mwingine amekwenda kwa Seremala, au tuseme ukweli, hakuna aliyekuwa na moyo wa kupanda zile ngazi.

Jua lilipokaribia kuzama, mlango wa nyuma ukabishwa hodi. Mjane akafungua. Alikuwa amesimama Seremala, na kofia mkononi, amevaa viatu viwili visivyofanana, akasema, "Shemeji, leo mbona hamjaja?"

Mjane akausukuma mlango wote wazi. Na yeye, akiwa bado kizingitini, akaendelea kusema harakaharaka, kama mtu anayeeleza hesabu aliyoipata baada ya kuhangaika nayo miaka mingi, kwamba amekaa dirishani akingoja kile chuma kigongwe, hakikugongwa, na hapo ndipo ilipomjia kwamba yeye alisema mdogo wake asiingie kwake, hakusema kwamba yeye mwenyewe asitoke, alikuwa huru kushuka siku zote hizo, na siyo yake ingebaki siyo. "Nimeshuka, shemeji," akasema. "Yuko wapi?"

Akapelekwa chumbani. Mjane akamwambia pale mlangoni, "Hasira ilimwisha jioni ile ya kwanza, shemeji. Hizo nyingine zote alikuwa anakuja kwako." Seremala akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye kile kiti cha dirishani, kioo kikiwa kimewaka, akasema, "Mdogo wangu, ni mimi."

Akangoja. Tuliokuwamo mle chumbani sote tulilijua jibu, ni neno moja, limesemwa kwenye ngazi zile miaka na miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haki ya kulisema. Tulisimama mpaka kioo kikazimika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu alipougua, na wauguzi wanaofanya kazi na binti yetu, waliokuja nyumbani kumgeuza kitandani bila kuitwa. Inawashukuru majirani, hasa mwenye duka la misumari, ambaye hakuwahi kulalamika kwamba tunamzibia mlango kila jioni wakati wa wateja. Inawashukuru mafundi wote wa kona, mchungaji na kanisa kwa kiti cha magurudumu, ambacho kimeoshwa na kitarudishwa. Inamshukuru Seremala, aliyetengeneza jeneza hili kwa mbao kavu, na ambaye asubuhi ya leo alipanda kwenye ngazi ya kanisa akaikagua ile fremu, akashuka, akasema kioo sasa kinaweza kubadilishwa, halafu akauliza kitakatwa na nani.

Jua bado liko juu kidogo. Twende tukamlaze. Tulia sasa, Mzee Jioni, leo huna mlango wa kubisha.