Mlango wa Mahindi

Basi la Mafeteng lilikuwa halijatoka Maseru, na tayari wanawake wawili waliokaa mbele ya mzee Mokhethi walikuwa wakibishana. Hawakujuana, ila mmoja alikuwa ametaja kazi yake ya kukandika kuta za makao ya vipofu yaliyo njiani. Mwingine alikuwa muuguzi mstaafu, na alihakikisha basi zima limelijua hilo.

"Makao ya vipofu yanataka vigae, mama. Unapiga deki, umemaliza. Wewe umewakandikia udongo na samadi kama zizi."

"Vigae ni vya wodi," mwenzake akasema. "Wale wanaishi pale. Mimi Nthofeela nimezichora kuta zote kwa vidole hivi hivi, kama kwa mama zao. Kila mlango na mchoro wake."

"Mapambo kwa mtu asiyeona? Ya nini?"

"Anapapasa ukuta, anajua amefika kwake. Haombi kushikwa mkono."

"Na udongo ukimomonyoka?"

"Nitachora tena. Mama zetu walichora kila mwaka, na hakuna aliyekufa kwa hilo."

Kidole cha Mokhethi kilikuwa kikifuatisha gotini mchoro wa majani ya mhindi, moja baada ya jingine, bila kukosea. Basi liliposimama karibu na makao, alishika fimbo yake nyeupe akainuka.

"Mama Nthofeela, mlango wa mahindi ni wangu," alisema. "Mistari imeanza kufutika. Ukija, ichimbe zaidi."

"Si nilisema?" muuguzi akadakia. "Inafutika."

Mokhethi alikuwa ameshafika kwenye ngazi sauti ya Nthofeela ilipomfuata, imejaa kama ya mtu aliyesifiwa kanisani: "Inafutika kwa kupapaswa, mama."