Bi Odile, Aliyeamsha Saa Miaka Arobaini na Mmoja

Bi Odile Guignard anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2017. Aliingia kiwanda hiki tarehe 1 Machi 1976. Ni miaka arobaini na mmoja na mwezi mmoja. Kazi yake ilikuwa moja toka mwanzo: kuamsha saa.

Hapa kwetu wasifu wa mstaafu katika gazeti la kiwanda hauandikwi na bosi. Anaandika mtu aliyefika mlangoni kwake mara nyingi kuliko wengine. Kwa Bi Odile ni mimi. Mimi niko bohari na uwanjani, nabeba na kuondoa theluji, na trei zake nimempelekea toka 1991. Shule yangu ni ndogo. Nadège wa ofisini kanisahihishia herufi. Maneno nimemkataza asiguse.

Jambo moja nalisema mapema. Kila mtu hapa anajua Bi Odile ana kosa moja kwenye kitabu cha makosa. Kwa kosa hilo jina lake haliwekwi kwenye kibao cha shaba pale ngazini, wanapowekwa waliostaafu bila kosa. Mnachokijua kuhusu kosa hilo si chote. Nitafika.

Kwanza kazi. Hii itasomwa na wageni pia, basi naeleza. Saa zetu zinajiendesha. Mkono ukitembea, kile kipande kizito cha ndani kinazunguka na springi inajaa. Lakini saa mpya haijavaliwa na mtu. Imelala. Lazima mtu aitie ufunguo kwa kile kifundo cha pembeni. Unakifungua, unakizungusha mbele kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, mara thelathini hivi. Unavuta, unapanga tarehe na saa. Unasukuma, unakikaza, maji yasiingie. Halafu inayofuata.

Ukiona kidole gumba chake cha kulia utajua. Kimekuwa bapa. Kijana mmoja wa hesabu alianza kupiga mahesabu amezungusha mara ngapi maisha yake yote. Bi Odile akamwambia aache, jibu halitamrudishia kidole.

Saa ya namna hii haigomi ikijaa. Inateleza kidogo tu kule ndani. Sisi wengine hatusikii kitu. Yeye anasikia. Mwaka 1998 alirudisha trei nzima, akasema springi zina kiu. Bwana Reymond, mkuu wa karakana, akamwambia mashine imezipima na ziko sawa. Bi Odile akasema basi mashine ndiyo ikazivae. Zikafunguliwa. Kumi na mbili zilikuwa kavu, hazijaguswa mafuta.

Alichokichukia ni kutikisa. Siku moja alikuja mkubwa mmoja toka Geneva, tai, viatu vinang'aa. Saa yake imesimama. Akaanza kuitikisa mbele yetu sote ili iamke. Bi Odile akaivua mkononi mwake bila kuomba.

"Hiyo si dawa ya kikohozi, bwana mkubwa," akamwambia.

Akaitia ufunguo, akaipanga, akamrudishia. Yule bwana akasema asante kama mtoto wa shule. Sisi tulicheka kuanzia kahawa ya saa tatu mpaka chakula cha mchana.

Yeye mwenyewe havai saa. Miaka yote hiyo. Akitaka kujua saa ngapi anasikiliza kengele ya kanisa.

Wazee wanasema saa za betri zilipoingia kiwanda kilibaki na watu thelathini na wanane. Bi Odile aliambiwa aje Jumanne na Alhamisi tu. Alikuja kila siku. Siku zisizo zake alishuka bohari na kuzitia ufunguo saa zilizokosa mnunuzi, mafuta yasigande. Hakuna aliyemtuma. Kiwanda kilipofufuka, saa zile ziliondoka zinatembea.

Sasa nafika kwenye saa za marehemu.

Saa ya kujiendesha haifi na mwenyewe. Mkono unatulia, saa inaendelea na springi iliyobaki, siku mbili hivi, ndipo inasimama. Halafu familia inaileta hapa isafishwe. Mwaka 1983 alikuja mama mmoja toka Yverdon na saa ya mumewe. Bi Odile akaiamsha vizuri, akamkabidhi inatembea. Yule mama akaangalia mishale akaanza kulia, na si kwa furaha.

"Nani kakwambia uiamshe?" akauliza. "Ilikuwa imesimama pale. Mimi nilikuwa naiangalia pale."

Toka siku ile Bi Odile akaweka sheria yake. Saa ikija, geuza kwanza, soma mgongoni, soma mishale, ndipo uguse. Akikuta ni ya marehemu, anaandika kikaratasi: imesimama saa fulani, dakika fulani, tarehe fulani. Anakitia ndani ya boksi. Halafu anauliza familia kama wanataka iamshwe au iachwe. Ofisi ikaongeza mstari kwenye fomu kwa sababu yake. Barua za shukrani zimejaa droo mbili. Nimezibeba mimi kuzipeleka ofisini.

Mke wangu alikuwa Celeste. Wengi mnamkumbuka, chumba cha kung'arisha, dirisha la pili. Alipotimiza miaka ishirini kiwanda kilimpa saa, jina lake limechorwa mgongoni. Alipougua hakukubali kuivua. Mkono ulipokuwa hautembei tena, aliitia ufunguo mwenyewe pale kitandani, kila asubuhi, akihesabu kwa sauti. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2014.

Hospitali walinipa mfuko wenye vitu vyake. Nilijua saa iko ndani na imesimama. Sikuitazama. Nilitaka Bi Odile aitazame, aniandikie kikaratasi kama cha wengine.

Jumatatu tarehe 17 nilirudi kazini. Saa ya familia inapita dirisha la mapokezi, na hapo kuna fomu. Fomu ina mstari umeandikwa: jina la marehemu. Nilishika kalamu. Sikuweza kuujaza. Nikarudisha kalamu.

Nikapanda na trei za asubuhi. Saa ya Celeste nikaiweka kwenye trei ya kijani, mwishoni, pamoja na saa mpya za kuamshwa. Bila karatasi. Bila neno. Nilifikiri ataijua. Nikashuka.

Trei ya kijani maana yake ni moja katika kiwanda hiki, amsha. Hata mfagiaji anajua. Mimi nilikuwa naibeba mwaka wa ishirini na tatu.

Akaiamsha. Alipoigeuza kuifuta ndipo akaona jina.

Akashuka bohari. Hajawahi kushuka kunifuata, siku zote ni mimi ninayepanda. Alisimama kati ya maboksi na koti lake jeupe.

"Armindo, nimeiamsha ya Celeste," akasema. "Sikuisoma kwanza. Nisamehe."

Hakutaja trei. Nilikuwa nangoja ataje ili nimjibu vibaya. Hakutaja.

Nikamjibu vibaya hivyo hivyo. "Marehemu wa watu wote umewaandikia," nikamwambia. "Wa kwangu ndiye umeshindwa."

Akapanda juu akajiandika mwenyewe kitabuni. Nimeona mstari wenyewe mwezi huu. Unasema: saa ya marehemu imetiwa ufunguo kabla ya kusomwa, sababu, haraka, O. Guignard. Haraka. Mtu ambaye hajawahi kunywa hata kahawa kwa haraka.

Mimi nikanyamaza. Watu wakanipa pole wakamlaumu yeye, nikapokea pole. Miaka mitatu trei zake niliziweka chini mlangoni, nikagonga, nikaondoka kabla hajafungua. Nilisikia asante yake mgongoni. Sikuwahi kugeuka.

Mwezi huu Nadège akaniambia zamu ya kuandika ni yangu. Nikakataa. Akauliza kama nataka Bi Odile aondoke bila wasifu, mtu wa miaka arobaini na mmoja. Nililala na swali hilo. Asubuhi nikapanda kwa Bwana Reymond, nikamweleza trei, fomu, kila kitu. Hakunigombeza. Alitoa kitabu, akatoa rula na kalamu nyekundu. Lakini kitabu kile kina sheria yake, mstari anaukata aliyeutia sahihi. Akamwita Bi Odile.

Tulisimama watatu pale. Bwana Reymond akamwambia Armindo kakiri, kata huo mstari, jina lako liende ngazini. Bi Odile aliangalia kitabu, hakuniangalia mimi.

"Trei aliweka yeye," akasema. "Ufunguo nilitia mimi. Sheria ni yangu, geuza kwanza. Siku hiyo sikugeuza."

Bwana Reymond akajaribu tena, akamkumbusha kibao ni cha shaba, kitabaki hapo sisi sote tukiwa hatupo.

"Basi na mstari ubaki," akasema. "Huyu bwana alikuwa amefiwa."

Akafunga kitabu.

Mlangoni akaniuliza kama saa ya Celeste inatembea. Nikamwambia iko kabatini toka ile siku aliyonirudishia. Akasema, ilete.

Jumatano iliyopita nikaileta. Safari hii niligonga, nikangoja. Alifungua, akavuta kiti, nikakaa. Ni mara ya kwanza kukaa kwenye kile chumba. Akaigeuza, akasoma jina la mke wangu kwa sauti. Akasoma mishale. Akaandika kikaratasi: imesimama saa saba na dakika arobaini na moja, tarehe 19.

Hapo ndipo ilipofika kwa ufunguo aliotia yeye siku ile. Siyo ya ufunguo wa Celeste. Ya Celeste haipo popote, tulijua wote wawili.

Akanipa saa. "Itie wewe," akasema. "Mimi naondoka, nani atakuja kukutilia?"

Saa ya kike, kifundo kama punje ya mtama, na vidole vyangu mnavijua. Kiliniponyoka mara nne. Hakunisaidia. Mara ya sita au ya saba ya kuzungusha, mshale wa sekunde ukaondoka. Nikataka kuacha.

"Bado," akasema. "Hapo imeamka tu. Ukiiacha hivi itakufia jioni. Endelea."

Nikaendelea. Alihesabu yeye. Thelathini.

Nikiwa nimeishika pale ndipo nikamwambia, na sasa nawaambia ninyi, maana ni kweli. Hata kama angeisoma kwanza, kile kikaratasi kisingekuwa saa ya kifo chake. Ningekuwa na saa ya siku mbili baadaye, iliyosimama yenyewe ndani ya mfuko wa hospitali. Nafanya kazi kiwanda cha saa. Nilijua hilo toka mwanzo, hata nikiwa bohari mbele yake namtolea maneno. Nilitaka tu mtu wa kumkasirikia, na Celeste hakuwepo.

Bi Odile alinifutia kioo cha saa kwa kitambaa.

Jumatatu inakuja mashine pale mezani kwake. Inazungusha saa kumi na mbili kwa mpigo, nimeipokea mimi uwanjani, bado imo ndani ya kasha la mbao. Bi Odile anahamia Le Pont kwa dada yake Josiane. Anasema atapanda vitunguu na hatazungusha kitu chochote, hata kifuniko cha chupa atamwachia dada.

Bi Odile, asante kwa saa zote, na kwa zile za bohari mwaka ule hakuna aliyezitaka. Asante kwa vikaratasi. Asante kwa kunyamaza miaka mitatu kwa ajili yangu, ingawa sikustahili na wewe hukustahili kubeba lile kosa. Tunakutakia siku za utulivu, afya, na dada asiyekuchosha. Kidole kipumzike. Ukija sokoni Le Sentier pita bohari, kahawa ipo, na sitageuza mgongo.

Kibao cha ngazini Bwana Reymond hawezi kukigusa na wewe umekataa kukata mstari. Lakini gazeti hili linafika kila meza ya kiwanda na nyumba ya kila aliyewahi kufanya kazi hapa. Basi naandika hapa, kwa jina langu lote, ili kila anayekumbuka lile kosa la Februari 2014 ajue ni la nani.

Ni langu.

Armindo Fontes Rebelo, bohari na uwanja